Dira na Mnara wa Tatu

Kazini, kwenye kampuni ya simu, tulimwita Dira, kwa sababu simu ikipotea, yeye ndiye aliyejua ilipo. Mnara hupima muda ambao mawimbi huchukua kwenda kwenye simu na kurudi. Muda huo unakupa umbali, lakini haukuambii upande. Minara miwili inakuachia sehemu mbili simu inapoweza kuwa, na wa tatu ndio unaoamua. Dira aliwafokea sana wanagenzi juu ya hilo: "Msikurupuke! Subirini wa tatu!" Lakini mganga hajigangi.

Baba yake, fundi cherehani mstaafu, alikuwa ameapa kuacha pombe, akahamia kwa mwanawe. Jioni moja mke wa Dira alipiga simu kusema mzee hajarudi. Dira akamtafuta kwa mitambo ya ofisi, jambo lisiloruhusiwa kabisa. Zikatokea sehemu mbili: baa moja, na ng'ambo ya barabara kuu, mabanda ya mafundi.

"Na mnara wa tatu?" nikamwuliza.

"Achana nao. Mzee wangu namjua."

Mnara wa tatu ulikuwa umezimwa kwa matengenezo, na aliyeuzima asubuhi ile ni yeye mwenyewe.

Nilikuwa nimealikwa kwake kula, kwa hiyo niliyaona yote. Tulikuwa mezani mzee alipoingia, mfuko wa plastiki mkononi.

"Umetoka wapi, baba?"

"Kwa fundi viatu, mwanangu. Leo watu walikuwa wengi..."

"Hebu nipumulie."

Wajukuu wakaacha kula. Mzee alimtazama, akainama, akampumulia usoni. Hakunuka chochote. Kisha akatoa mfukoni buti za kazi za Dira, zimetiwa soli mpya.

Mimi mgeni niliona haya, sembuse yeye! Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipiga magoti mbele ya wanawe, akaomba radhi huku akilia, na mzee akamwinua: "Yamekwisha, mwanangu. Kula."

Yalikwisha wapi! Dira aliomba kuhamishiwa kitengo kingine, na buti zile hajazivaa hata leo.

Mzee hakununa wala hakurudia pombe. Ila tangu siku ile, kila akirudi kutoka nje, hata kama alikwenda dukani tu, humfuata mwanawe alipo, na kabla ya salamu huinama na kumpumulia.