Pilau ya Hela za Hekaluni

Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini leo hapa Toronto nina magari manne ya kusukuma theluji, na madereva wake nawalipa mimi. Nilianza na koleo moja tu, mtaa wa Mount Dennis, nikizoa theluji milangoni mwa watu. Kwa hiyo kaka yangu mkubwa alipokuja kunitembelea kutoka Tanga, sikumwacha apumue. Mnara, ziwa, maduka, vyote nilimzungusha. Kaka ni mwalimu wa madrasa, mtu mpole, ila alivitazama kama mtu anayesubiri basi.

Asubuhi moja nikamwambia, "Twende nikuonyeshe kitu ambacho Tanga hukikuti." Nikampeleka kwenye hekalu la Wabudha.

Viatu alivua bila ubishi. Ndani kulikuwa na sanamu la dhahabu refu kuliko mlango wangu, ubani unafuka, machenza yamepangwa mbele yake. Mimi kusimama mahali pamoja siwezi, nikawa nazunguka, mara namwonyesha taa, mara dari. Yeye kasimama palepale, midomo inacheza. Alikuwa anasoma dua ya kujikinga.

Mtawa mmoja, bibi kizee aliyenyoa kichwa, akachukua machenza mawili pale mbele ya sanamu, akampa. Kaka akaficha mikono nyuma.

"Mwambie mimi sili chakula cha mizimu."

"Kaka, punguza sauti."

"Kwani anajua Kiswahili huyu? Makafiri hawa, Mungu atuepushe."

Kiswahili hakujua, lakini uso aliusoma. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha barabarani kwamba mgeni wangu amefunga. Akainama, machenza akanipa mimi.

Nje Kaka akatulia. Akatazama ua, theluji imezolewa mpaka lami inaonekana, ngazi zimemwagiwa chumvi.

"Ila ni wasafi," akasema. "Nani anawafanyia kazi hii?"

Hapo ndipo mdomo uliponiponza. Nikapiga kifua. "Mimi! Hawa ndio wateja wangu wakubwa wa kwanza. Kila ulichokiona nyumbani kwangu kimeanzia hapa."

Njia nzima alitazama dirishani.

Nyumbani mke wangu alikuwa amepika pilau ya mbuzi. Kaka akaketi, akatoa mfukoni tende alizokuja nazo.

"Shemeji, usinichukie," akamwambia. "Mimi nitakula hizi."

Kwetu, ndugu akishasema chumo lako ni haramu, akaondoka bila kuonja kwako, habari humtangulia kufika. Ukirudi Tanga, hata jirani atakataa soda yako. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Sebule yangu, na makochi yake ya ngozi, ikanibana.

"Hela ya kusafishia masanamu," akasema, "siitii tumboni."

"Na Maka ulikwendaje?"

"Maka inaingiaje hapa?"

"Tiketi ya Mama, na yako wewe uliyemsindikiza, zilitoka wapi? Mwaka ule kazi kubwa niliyokuwa nayo ni hekalu lile."

Tende ikabaki mkononi mwake. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama anajua?"

"Nilimwambia kabla hamjaondoka. Akaniuliza kama hao watawa ni wazee. Nikamwambia wengi wazee. Akasema, 'Basi zizoe vizuri hizo ngazi, wasije wakavunjika nyonga.'"

Pilau ilikuwa imepoa, mke wangu akairudisha jikoni kuipasha. Ilipokuja, Kaka akanawa. Akala polepole, bila kuisifu, na yeye pilau huisifu hata ikiungua. Mimi nikafungua pazia, nikalifunga, nikaenda kuchungulia kama theluji imeanza, nikarudi.

"Hebu kaa ule, mdogo wangu," akasema. "Unanizungusha kichwa."

Nikakaa ukingoni mwa kochi.

"Lakini kule sirudi."

"Nani amekualika?"

Akalisogeza sinia upande wangu, macho bado kwenye pilau.