Kadi Tulizogawana Sawasawa

Jumatatu moja ya Juni 1972 tulimpoteza mwenzetu wa Manzese. Homa ilimshika Jumamosi akitoka kazini, Jumatatu alfajiri hatukuwa naye tena. Nilimlilia kama ndugu yangu wa tumbo moja, na kilio hakijaisha nikakumbuka kadi.

Tulikuwa wanne kwenye kozi ya jioni ya kuandika programu za kompyuta, pale chuo kikuu. Ofisi zetu ndizo zilizotupeleka. Mimi nina darasa la nane tu, na kazi yangu ofisini ilikuwa kutoboa matundu kwenye kadi za kompyuta. Mwalimu alitaka tujifunze kijamaa: kundi moja, programu moja, alama moja. Programu yenyewe ilikuwa bunda la kadi za karatasi ngumu, kila kadi mstari mmoja wa maagizo ulioandikwa kwa matundu, na mashine ilizisoma kwa mfuatano. Ukivuruga mfuatano, umekwisha.

Kundi letu lilipata mwenyekiti na katibu kabla halijapata kadi hata moja. Kila jambo kikao. Niliposema tuzitie namba, mwenyekiti akakataa.

"Namba zitaonyesha nani kaandika nyingi, dada. Tutaanza kuringiana."

Mikono ikanyooshwa, mitatu kwa mmoja. Hata marehemu alinyoosha wake, huku akinicheka. Kisha, ili asiwepo wa kumtawala mwenzake, bunda likagawanywa sawasawa, kila mtu akaenda na fungu lake nyumbani.

Sasa zamu yetu ya mashine ilikuwa Ijumaa, na fungu la marehemu lilikuwa chumbani kwa mama yake. Bila fungu hilo tungeanguka wote, na yeye pamoja nasi. Mama yake alikwisha kuahidiwa kwamba cheti kinakuja.

Mwenyekiti na katibu walikaa mkekani msibani tangu Jumatatu. Jumanne jioni nikawafuata.

"Mmeziulizia kadi?"

"Kikao kimeamua mfiwa asisumbuliwe mpaka hitima," akajibu mwenyekiti.

"Kikao kipi? Mie sikuwepo."

"Ulikuwa jikoni, dada. Lakini akidi ilitimia."

"Watu wawili?"

"Wawili katika watatu tuliobaki," akasema katibu. "Hiyo ni theluthi mbili."

Nikarudi jikoni nikasugua masufuria mpaka vidole vikauma. Jumatano nikamwamkia shangazi wa marehemu, aliyekuwa akichambua mchele, nikamwuliza.

"Vile vikadi vyenye matundu? Vipo, mwanangu. Nilipofagia nilivikuta vimekaa ovyo ovyo, nikavipanga. Vyenye matundu mengi chini, machache juu. Utavipenda."

Nikamshukuru. Nikazichukua kadi, mfuatano wake umeshavurugika.

Alhamisi tulikaa watatu kurudisha mfuatano. Hapo ndipo nilipoona kwamba miezi yote ile hatukujifunza pamoja hata siku moja. Kila mmoja alijua fungu lake, hakuna aliyewahi kusoma la mwenzake. Mwenyekiti akainua kadi mbili.

"Wanaosema hii itangulie?"

"Kompyuta haijui kura," nikamwambia.

"Una pendekezo lingine?"

Nikanyoosha mkono nami. Tukapiga kura, kadi moja baada ya nyingine.

Ijumaa mashine ikasoma fungu langu, ikasoma la katibu, ikafika la marehemu ikasimama. Mwalimu aliangalia karatasi iliyotoka, akatuambia tumeanguka, wote wanne.

Hitima ilisomwa Jumapili. Nilikuwa jikoni napakua pilau, na mwenyekiti alikuwa mlangoni akisubiri sinia la wanaume, mama wa marehemu alipotujia.

"Wanangu, ile kazi ya mwenzenu imepita?"

"Mama, kwa ujumla tunaweza kusema," akaanza mwenyekiti.

"Haijapita, mama," nikasema.

"Kaiharibu mwanangu?"

"Hapana. Tumeiharibu sote."

 Mama akachukua upawa mkononi mwangu, akaongeza pilau kwenye sinia, akamwambia mwenyekiti awahi, watu wana njaa.