Mama na Mbwa Wake katika Kitabu cha Matukio

Dancan wa Vihiga alikuwa mlinzi mwaminifu kuliko kufuli, na uaminifu huo nusura uturudishe makwetu sote wawili.

Mwaka 2014 tulilinda jumba la kuuzia picha kule Al Quoz, ughaibuni, yeye mchana, mimi usiku. Kabla ya hapo, mahali pengine, kilipotea kiti ambacho Dancan hakukiandika kitabuni, akapewa barua ya onyo. Barua ya pili ni tiketi ya ndege ya kurudi kwenu. Tangu siku hiyo aliandika kila kitu, hata nzi.

Ukutani palikuwa na picha ya rangi za mafuta kutoka Ulaya: mama amelala kitandani, bega wazi, amemkumbatia mbwa mdogo mweupe. Kitabu chetu cha matukio kilikuwa na safu tatu: watu, wanyama, vitu. Mimi ningeitia picha kwenye vitu, nikanywa chai yangu. Dancan moyo ulimkatalia. Mama wa watu umwite kitu? Akaandika: "Mtu mmoja, mama, amelala. Mnyama mmoja, mbwa. Wote wazima."

Aliandika hivyo siku ishirini na sita. Nami kila jioni nilitia sahihi kwamba nimewapokea. Sikusoma hata mara moja, uvivu wangu huo.

Mwisho wa mwezi, tukipokezana zamu, akaingia msimamizi wetu Taib, Mzanzibari ambaye meno yake hatukuwahi kuyaona. Mkononi ana barua mbili za kuturudisha kwetu, yake na yangu.

"Dancan! Mwezi mzima mnalaza mwanamke humu? Na mbwa juu yake?"

"Sir, mimi niliwakuta tu hapa."

"Na hula nini?"

"Hawajawahi kuitisha kitu, sir. Hata maji."

Taib akanigeukia. "Na wewe Muzamiru, usiku ndiwe unayewapokea?"

"Sir, mimi nasaini tu."

Dancan akatupeleka ukutani. Taib akamtazama mama, akamtazama mbwa, akakisoma kitabu upya. Mabega yakaanza kumtikisika. Lakini ofisi ilikwisha kuarifiwa, na kesi ya ofisini haifungwi kwa kicheko. Akachukua kalamu, akaandika: "Mwanamke na mbwa nimewahoji mwenyewe. Hawana kosa. Khalas, kesi imekwisha." Barua zote mbili akazichana. Nilimpenda mtu yule siku hiyo, wallahi.

Kesho yake nilisoma kabla ya kutia sahihi. Dancan alikuwa ameandika: "Mtu mmoja, mnyama mmoja. Bado wamelala. Mahojiano hayakuwaamsha."

Nikasaini.