Nilivyoshika Zamu ya Maji Buswahili

Asubuhi hiyo nilitoka chumbani kwangu Iringo na begi moja, na sikujua naenda wapi. Mgahawa nilimokuwa naosha vyombo ulikuwa haujafungwa, ila wateja walikuwa wameacha kuja tangu watu waanze kuogopana, na mwenye mgahawa alikuwa ananiangalia kama sahani iliyozidi. Sikumngoja aseme. Stendi ya Musoma nilinawa mikono kwenye ndoo ya koki, maana bila kunawa ulikuwa hupandi, nikaingia kwenye gari la kwanza lililokuwa tayari kuondoka. Lilikuwa linakwenda Butiama. Kama lingekuwa la Bunda ningepanda vile vile, ingawa Bunda nina sababu ya kutotaka kushuka.

Sababu yenyewe ni shule. Nilisoma Bunda nikitokea nyumbani Guta, hadi kidato cha pili. Sikufukuzwa wala sikupata mimba, kama watu wanavyopenda kukisia. Siku moja nilifika getini nikaendelea kutembea, nikitaka kuona ile barabara inaishia wapi. Kesho yake nikafanya hivyo tena. Ilipofika wiki ya tatu nikaona aibu kurudi. Baba alikuwa kwenye pamba yake, hakujua chochote hadi mwalimu alipomfuata shambani. Tangu hapo nimelala miji mingi na sijakaa popote. Ninachosoma ni magazeti yanayofungiwa maandazi, na matangazo ya ukutani.

Ni tangazo lililonifikisha kwenye kikao. Butiama nilipata pikipiki iliyokuwa inapeleka mfuko wa chumvi Buswahili, na mwenye pikipiki hakujali nani amekaa nyuma ya chumvi. Tulipopita shule ya msingi niliona karatasi imebandikwa langoni. Nikamwomba anishushe. Wazazi wote waliitwa kuzungumzia kufunguliwa kwa shule, na chini kabisa kwa kalamu nyekundu: kila mmoja aje na kiti chake. Nilitaka kuona kikao ambacho watu wanakuja na viti.

Uwanjani walikuwa wamekaa mbalimbali, hatua tatu au nne kati ya mtu na mtu, kana kwamba kijiji kizima kimegombana. Nikakaa juu ya begi langu. Daftari la mahudhurio likapitishwa, na kalamu ilikuwa inachovywa kwenye kopo la maji ya sabuni kabla ya kumfikia mwingine, kwa hiyo majina yote yalikuwa na madoa. Nikaandika langu. Safu ya jina la mtoto nikaiacha wazi.

Serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba shule zinafunguliwa, ubishi ulikuwa juu ya darasa la saba. Mwalimu mkuu alisema miezi imepotea na mtihani hauwezi kuwangoja, hivyo wanafunzi wa darasa hilo wataingia kambi: watalala madarasani, watasoma asubuhi na jioni, wazazi watachangia unga. Na kwa sababu ya ugonjwa, hataruhusiwa yeyote wa kwenda na kurudi, maana huyo ndiye atakayeleta na kupeleka. Mtoto awe ndani ya kambi au abaki nyumbani moja kwa moja.

Mfugaji mmoja mwenye koti la mvua alisema yeye haoni haraka ya nini. Tangu shule zifungwe wanawe wamechunga vizuri na ng'ombe wamenenepa. Mwalimu akamjibu kwamba siku ng'ombe hao wakifanya mtihani wa darasa la saba, atakuwa wa kwanza kuwapongeza. Watu walicheka kidogo, wengine ndani ya barakoa za vitambaa vya kanga. Kisha walibishana muda mrefu, juu ya unga, juu ya nani atalinda wasichana wakilala shuleni, juu ya nani atawajibika mtoto mmoja akianza kukohoa.

Hapo ndipo bibi mmoja aliyekaa peke yake pembeni kabisa aliposimama. Kabla hajasema alikohoa, na waliokuwa karibu naye wakanyanyua viti vyao wakasogea.

"Mnaona," alisema. "Kifua hiki nakohoaga tangu nilipokuwa nakausha samaki ziwani, huyu mtoto hajazaliwa. Lakini tangu msikie ya redioni, hakuna anayevuka ua wangu. Unga mnaniwekea njiani. Sasa mwalimu anataka nimtoe na huyu mjukuu mmoja niliyebaki naye. Nani atanichotea maji?"

Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama ukutani mwa darasa pamoja na wenzake, msichana mrefu, miguu mitupu. Mwalimu alisema kwa upole kwamba huyo ndiye anayemtegemea kuliko wote katika darasa lake. Akauliza nani kati ya majirani anaweza kumsaidia bibi hadi mtihani upite. Kila mmoja akaangalia kando. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na watoto nyumbani.

Bibi akangoja, kisha akakaa. "Basi atabaki," alisema. "Mtihani watafanya wengine."

Yule msichana hakulia. Alikuwa anabandua chokaa ya ukuta kwa kucha, kipande kimoja baada ya kingine.

Mwalimu mkuu akachukua daftari ili afunge kikao. Akasema kuna mama mmoja hajaandika jina la mtoto wake. Nikasimama, nikasema mimi ndiye, na kwamba sina mtoto pale. Akauliza mtoto wangu yuko shule gani. Nikasema sina mtoto popote.

"Sasa umekuja kwenye kikao cha nini?"

"Nilisoma tangazo."

Walicheka kweli kweli, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Kisha wakaniuliza natoka wapi. Nilisema kwetu ni Guta ila asubuhi nimetoka Musoma mjini, na kicheko kikakatika. Mjini ndiko ugonjwa ulikosemekana kuwa. Viti vikanyanyuliwa tena, safari hii kunikimbia mimi. Nikabaki katikati ya uwanja na begi langu, na upande wa pili bibi naye yuko peke yake, na kati yetu hakuna mtu.

Ni yeye aliyeniita. "Wewe binti. Unaweza kuchota maji?"

"Naweza, bibi."

"Una mahali pa kulala?"

Sikuwa napo, nikamwambia. Mwalimu mkuu akaingilia kati, akasema bibi afikirie vizuri, huyu ni mgeni, na katoka mjini.

"Mwalimu," bibi alisema, "kama ni kufa, nife na mtu nyumbani."

Mfugaji wa koti la mvua akapaza sauti kwamba leo tumeshuhudia nyumba ntobhu, bibi ameoa. Sasa ni ng'ombe wangapi? Kwetu Mara mwanamke mzee asiye na mtu nyumbani huweza kumtolea mahari mwanamke mwenzake, aje akae kwake kama mke, kwa hiyo hakuna asiyeelewa utani huo.

"Wa kwako wamenenepa," bibi alimjibu. "Utanilipia wewe."

Mwalimu akaweka sharti: siku kumi na nne nilale kwenye kibanda cha jiko, nisiingie nyumba kubwa, maji niyaache mlangoni. Nikakubali. Sitasema ilikuwa huruma peke yake. Jua lilikuwa limepinduka na sikuwa na pa kwenda.

Wa kambi walitakiwa kufika na magodoro yao siku hiyo hiyo, kabla ya jua kuzama. Msichana alinitembeza haraka, yeye mbele, mimi hatua kadhaa nyuma: lambo lilipo, upande wanaonyweshea ng'ombe na upande wanaochotea watu, dumu lisilovuja, na kwamba bibi hapendi maji yaliyolala. Alisema yote hayo bila kugeuka. Nilijaza madumu mawili, nikayabeba, nikayaacha mlangoni.

Alipotoka na godoro kichwani alisimama mbele ya kibanda. Nilidhani atashukuru.

"Dada, ukitaka kuondoka, upitie kwanza shuleni uniambie. Usiende tu."

Nikasema sawa. Nimeacha vyumba vingi na hakuna aliyewahi kuniomba hivyo. Nilimwangalia hadi godoro lilipopotea nyuma ya mihogo.

Nikafagia majivu, nikasogeza mafiga pembeni, nikatandika kanga juu ya ngozi ya ng'ombe niliyowekewa. Hakuna mtu aliyepita njiani. Ng'ambo ya ua bibi alikohoa, akatulia, kisha akaita.

"Wewe wa jikoni. Unakula dagaa?"

Nikamjibu kwamba nakula.