Sifuri ya Mwamini

Enzi zetu pale Nyakabanda pasi ilikuwa ya makaa. Baba yangu, fundi cherehani, alijaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya suruali, puu! ndipo akanyoosha. Siku moja cheche iliruka ikatoboa suruali ya bwana harusi, nyuma kabisa, na bwana harusi akala pilau yake amesimama, mgongo ukutani. Nacheka mpaka leo. Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya suruali.

Wateja wakisubiri nguo, walituamuru sisi watoto twivuge. Hujui kwivuga? Unasimama kifua mbele, unajitangazia sifa zako kwa pumzi moja, maneno yanasukumana kama ng'ombe mlangoni mwa zizi. Ukikwama unazomewa: "Kaa chini, mwenzako aingie!" Mimi nilijisifu nimekimbiza fisi. Fisi mwenyewe sijamwona. Baba alipunguza mguu kwenye cherehani ili anisikie. Shule niliishia la tatu. Maneno niliyapata pale.

Sasa sikia. Mjukuu wangu Mwamini aliambiwa na mwalimu aandike shairi, na alama zake ndizo za kumwingiza darasa la lugha, analolilia tangu mdogo. Akaandika rap, juu ya mama yake, binti yangu, anayefagia barabara pale Sonatubes. Akapewa sifuri, na kwa wino mwekundu: "Kelele za vijana."

Vijana wenyewe siwatetei kwa kila kitu. Wanavaa suruali chini ya makalio kana kwamba mkanda haujavumbuliwa. Lakini sifuri? Nikaenda shuleni, Mwamini nyuma yangu.

"Mwalimu, shairi ni nini?"

"Mzee wangu, shairi lina mizani, lina vina."

"Haya. Mwamini, soma. Wewe mwalimu, hesabu."

Mtoto akasoma akigonga dawati:

*Mama kashika fagio, lami haijaamka,*
*Wakubwa wakija mbio, vumbi limeshaondoka.*

Mwalimu alihesabu kwa vidole. Nane, nane. Akarudia. Nane, nane. Vina vimekaa. Akaficha mkono chini ya meza.

"Ni kweli, Mzee. Lakini hii iko rap. Rap haimo kwenye kitabu. Sifuri inabaki."

"Kitabu hicho kilishapita Sonatubes alfajiri?"

Mwamini akanivuta shati. "Sogokuru, babu yangu, twende," na machozi tayari.

Damu ilinichemka, inachemka hata sasa. Enzi zetu aliyekwama aliambiwa akae chini, na keshoye akasimama tena. Hakuna aliyewahi kupewa sifuri, kana kwamba hakufungua mdomo. Na waliotusikiliza walikuwa mafundi na wauza mkaa, wengi hawakujua hata kusaini, lakini walisikiliza mpaka mwisho. Leo mtoto ana mwalimu mwenye vyeti ukutani, amehesabu mwenyewe, amekuta zimetimia, na bado anakataa.

Nikamshika mjukuu mkono nikatoka bila kuaga, mimi niliyelelewa kuaga hata paka. Siku za wazazi pale shuleni wananiita. Siendi.