Mama Aliyekufa Wang'uru

Kitendawili! Amekufa Wang'uru Jumamosi, Jumatatu yuko Nyeri ananunua nyanya. Nani huyo?

Usinipe mji bado. Twende kwanza kwenye shule moja ya wasichana, kupita Skuta, nje kidogo ya mji wa Nyeri.

Ni asubuhi ya mwaka 1974, na ukungu wa mlima bado umeegemea madirisha. Mwalimu Watiri, wa fasihi ya Kiingereza, amejilaza juu ya meza mbele ya darasa, anakufa polepole. Wasichana hawapumui.

"Hakuna anayekufa vizuri kama huyu," ananong'ona Abdulatif mlangoni.

Abdulatif ni fundi cherehani mjini, na ndiye mkuu wa kikundi cha maigizo alichoigiza nacho Watiri zamani. Lori lake linanguruma nje. Leo wanaanza safari ya mwaka mzima, naye amekuja kumchukua. "Dada, unarudi kikundini ama hurudi?" alimuuliza pale getini. Watiri aliingia darasani.

Wasichana walisikia, na mtihani wao ni mwisho wa mwaka. "Ati tuachiwe nani?" Wakonyo, mmoja wao, alilalamika. "Mwalimu wa hesabu?"

Miaka ile Uhuru ukiwa mchanga, Watiri alizunguka na kikundi hicho Karatina, Kerugoya hadi Mwea. Malipo yalikuwa sahani ya wali na makofi. Alasiri moja huko Wang'uru, alipokuwa akiigiza mama aliyekufa juu ya turubai la kuanikia mpunga, mwanamke alitoka kwa watazamaji, akamfunika leso, akamwinamia: "Mama, na mtoto umemwachia nani?"

"Ningejibu nini, na mimi nimekufa?" Watiri aliwaambia wasichana kabla ya somo, akicheka. "Lakini swali lilinifuata. Nikaona kufa najua, hadithi yenyewe siijui."

Ndipo akaenda chuo kikuu kusoma vitabu, kisha akashika chaki.

"Mpaka leo namwota. Ananiinamia, leso yake inanukia mpunga. Nataka siku moja niwapeleke Wang'uru, mcheze pale pale, anione."

Sasa Wakonyo, anayeigiza jirani, anavua sweta, anamfunika mwalimu wake.

"Mama, na mtoto umemwachia nani?"

Kwenye mchezo, maiti hunyamaza. Abdulatif yuko mlangoni, kofia mkononi.

Watiri anafumbua macho, anamtazama Abdulatif, halafu msichana.

"Sijamwachia mtu," anasema. "Niko hapa."