Diski Niliyoifunga Mwenyewe

Kompyuta yangu iliungua, nikakimbilia kwa dada mmoja fundi hapa Bariadi nikiwa na diski ya akiba. Programu ilitakiwa kunakili humo makala zangu za gazetini kila jioni, na diski nilikuwa nimeifunga kwa neno la siri, kama mtu mwenye mambo makubwa.

Nikamtajia neno, akaifungua. Tupu.

"Baba, kabla ya kunakili ulikuwa unaifungua?"

"Nilikuwa naichomeka tu."

"Na programu haikulalamika?"

"Ililalamika. Nilidhani ni tangazo, nikawa nalifuta."

Akakuna kichwa kwa kalamu. "Ulikuwa unaswaga ng'ombe hadi kwenye zizi lililofungwa, halafu unaenda kulala."

Sasa makala zangu zimebaki kwa muuza maandazi anayeyafungia kwa magazeti ya zamani. Kila asubuhi nanunua maandazi mawili, namwomba anifungie kwa ukurasa wangu. Leo kanifungia kwa ukurasa wa michezo.